Nimenunua begi la mgongoni, sasa vijana wanauliza nani atanibeba

SWALI

Kwako mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Lanet hapa Nakuru. Nilifundisha Jiografia hadi nikafikisha miaka 60 na kupewa barua yangu ya kustaafu. Mume wangu alifariki zamani, watoto wana makwao. Shida yangu si ya ndoa wala ya shamba, kwa hivyo ukiiona ndogo naomba usinicheke.

Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 26, ana kundi la wenzake wanaozunguka nchi na mabegi mgongoni. Hawakodi gari wala hawapitii kampuni ya utalii. Wanapanda matatu, wanalala kwenye mahema au lojingi za bei nafuu, wanajipikia. Agosti hii wanaelekea magharibi, siku 8, vituo 12: Menengai, Ziwa Nakuru, Kericho, Kisumu, Dunga, Kit Mikayi na kurudi Kisumu, Homa Bay, Rusinga na kurudi Kisumu tena, jiwe la Ilesi, msitu wa Kakamega, Kitale, na mwisho Mlima Elgon na pango la Kitum.

Kijana wetu alinialika mwenyewe. Aliniambia, "Shangazi, hizo sehemu umezichora ubaoni miaka yote. Twende ukazione." Maneno hayo yaliniingia. Ni kweli nimefundisha volkano na misitu ya mvua kwa chaki na ramani ya ukutani, kwa sababu shule yetu haikuwahi kuwa na basi. Rusinga sijakanyaga. Mlima Elgon niliuona kwa mbali tu, tulipokwenda mazishi Kitale. Basi nikalipa nusu ya mchango, nikaenda mtumbani nikachagua begi la lita 50 na viatu vya kupandia mlima. Viko hapo mlangoni mpaka leo.

Ili tuzoeane, tulifanya matembezi ya majaribio pale Hyrax Hill. Kuna mwamba uliochongwa mashimo ya bao, safu kwa safu. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, kila shimo lilikuwa na maji na vijani vidogo vya mgunga vikielea. Nilichuchumaa nikaanza kuwaeleza jinsi Mary Leakey alivyochimba hapo mwaka 1937, na visu vidogo vya mawe meusi yanayong'aa kama chupa ambavyo watu wa kale waliviacha pale. Nilipoinua kichwa nilikuta nimebaki na msichana mmoja. Wengine walikuwa wameshafika juu wanapiga picha, mmoja anaita, "Tumeona! Twende!" Wakati wa kuteremka goti langu la kulia likaanza kulalamika, wakanisubiri getini. Hakuna aliyesema neno, lakini hata mimi nimewahi kuwasubiri watu, najua sura ya anayesubiri.

Wiki iliyofuata nikaletewa kwenye simu ujumbe ambao haukuwa wangu. Mmoja wao aliusambaza kwangu kwa makosa. Kumbe wana kundi jingine la WhatsApp ambalo mimi simo. Mtu ameandika: "Na shosh (yaani bibi, ndiye mimi) tutambebaje Elgon?" Mwingine akajibu: "Si abaki Kisumu atupikie samaki." Vikatuni vya kucheka vikafuata. Mtoto wa kaka yangu yumo humo. Hakucheka, hakunitetea, alinyamaza.

Baadaye akaja nyumbani, akanywa chai, akaniomba niwe mweka hazina wa safari na "mama wa kambi", yaani nishike pesa na nisimamie chakula, kwa sababu "wewe watakuheshimu". Sijui kama nimepewa heshima au nimepewa jiko.

Kifungua mimba wangu aliye Nairobi ameudhika kabisa. Anasema watu wa rika langu husafiri na kanisa, kwa basi, na kwamba nitaiaibisha familia nikilala kwenye hema na watoto wa watu. Anasema nisubiri Desemba anipeleke Kisumu kwa gari, tulale hoteli. Desemba hiyo naifahamu, nimeisubiri sana.

Nifanyeje? Nijiondoe nidai pesa zangu? Niende nimeze mate? Au niwaache nipite njia yangu peke yangu?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

JIBU

Mwalimu, nenda. Ila usiende kwa ratiba hiyo, na cheo hicho ukikatae.

Tuanze na ule ujumbe, maana ndio unaouma. Aliyesema ubaki kupika samaki hana adabu, na hilo silipunguzi. Lakini kabla hujalihukumu kundi zima, muulize kijana wenu swali moja, mkiwa wawili tu: "Uliponialika, uliwauliza wenzako kwanza?" Mimi nahisi hakuwauliza. Alifurahi, akakualika, kisha akawapelekea habari ikiwa imeshaiva. Vijana waliochanga pesa zao wakajikuta wana mgeni ambaye hawakumpigia kura, na kwa kuwa hawawezi kumfokea rafiki yao, wakamtania shangazi yake. Kama ni hivyo, ana deni kwenu pande zote mbili, na ni yeye wa kuliitisha kundi mkazungumza. Ndiyo maana alinyamaza mle ndani.

Kwenye kikao hicho usiutaje ule ujumbe. Ukiutaja, mazungumzo yote yatakuwa ya nani aliuvujisha, na huyo aliyeutuma hatasameheka. Halafu, Mwalimu, hukuniambia: aliyekutumia "kwa makosa" siye yuleyule aliyebaki nawe pale mwambani? Kama ndiye, mimi makosa hayo siyaamini sana. Huenda alitaka ujue.

Sasa niruhusu niseme jambo ambalo hutalipenda. Pale Hyrax Hill hukuwa unatembea na wenzako, ulikuwa unafundisha kipindi. Hao vijana hawakulipa karo. Walitoka kwenda kupanda kilima, wakasimamishwa juani kusikiliza habari za mwaka 1937. Sisemi ulikosea kulipenda lile bao, na nao hawakukosea kukimbilia juu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mlipofika: hapa tuna saa moja, kila mtu aende anakotaka, tukutane getini saa tano. Kwa kauli hiyo moja ungechuchumaa kwenye mashimo yako kwa raha, goti lingeteremka kwa mwendo wake, na pale getini pasingekuwa na mtu wa kununa.

Nimeona safari za makundi zikivunjika, na sikuona hata moja iliyovunjwa na mlima. Huvunjwa na kusubiriana. Watu kumi wakilazimishwa mwendo mmoja, unakuwa mwendo wa kumuudhi kila mmoja wao. Kwa hivyo jambo la kwanza la kudai kikaoni, na ulidai kwa niaba ya wote, ni kwamba mchana watu wanaweza kugawanyika, jioni wote wanakula pamoja. Saa ya kukutana itajwe kila mnapofika mahali. Hilo likikubaliwa, suala la nani atambeba nani halipo tena.

La pili ni ratiba. Niliisoma huku ramani ikiwa mbele yangu, na ninashangaa wewe mwalimu wa ramani uliinakili bila kuitia wino mwekundu. Nyote ni watu wa Nakuru. Siku ya kwanza ya likizo mnaitumia kutazama Menengai, ambayo mnaiona mkianika nguo! Na mbuga ya Ziwa Nakuru haitembelewi kwa miguu, lazima gari, kwa hivyo kundi la mabegi litalipa kiingilio na gari la kukodi siku ya kwanza tu. Kama ni picha za heroe wanazotaka, maji ya ziwa yalipanda sana miaka hii, na heroe wengi wamehamia Bogoria. Faru na twiga bado wapo, lakini hao mtawaona Jumamosi yoyote. Futeni hiyo siku. Kericho nayo si kituo, ni dirisha: matatu ya Kisumu inapita katikati ya mashamba ya chai, kaa upande wa dirisha utazame mpaka uchoke.

Halafu mnarudi Kisumu mara mbili bila sababu. Kit Mikayi iko kwenye barabara ya Bondo. Mkitoka pale msigeuke. Endeleeni hadi Ndori, mkate kushoto kuteremka Luanda K'Otieno, na hapo kuna feri ya kuvuka hadi Mbita. Mbita imeungana na Rusinga kwa daraja. Homa Bay inatoka, safari moja ya kurudi Kisumu inatoka, na badala ya kukaa kwenye matatu mkipigana viwiko mnavuka ziwa mkiwa na upepo usoni. Saa za feri ulizeni siku moja kabla, msizitegemee za kwenye simu.

Kit Mikayi mfike asubuhi. Yale mawe yaliyopandana si bustani ya kupigia picha, ni mahali pa ibada. Utakuta waumini, wengi wa dhehebu la Legio Maria, wamefunga na wanaomba mle mapangoni. Waelekezeni vijana waombe ruhusa kabla ya kunyanyua simu. Njia ya kupanda katikati ya miamba ni fupi lakini imebana, kuna mahali unapita ubavu. Kama goti linakataa, kaa chini na akina mama wa pale wanaowapokea wageni kwa nyimbo. Utaondoka na hadithi ya jiwe lote, na waliopanda watakuja kukuuliza wewe.

Rusinga laleni usiku mbili. Kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na nyumba ya kumbukumbu yake. Na kuna lako, Mwalimu: ni kwenye kisiwa hicho ambako mwaka 1948 Mary Leakey, mama yuleyule wa Hyrax Hill, aliokota fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Hapo nakuruhusu kuzungumza. Dakika kumi, na subiri waulize.

Ziwa lina desturi zake. Asubuhi limetulia, alasiri upepo unaamka na dhoruba huja haraka, kwa hivyo boti ya Dunga ya kutazama mafunjo na viboko iwe ya asubuhi, na asiyevaa jaketi la kujiokolea asipande, hata akiwa bingwa wa kuogelea. Kuogelea kwenyewe waambie hapana. Kandokando ya majani kuna konokono wa kichocho, na kuona watoto wa kijiji wanaoga pale si ushahidi kwamba maji ni salama.

Kisha Kakamega, na hapa ndipo ninapogombana na ratiba yenu hasa. Ukitaka kulala Kitale siku ileile, msitu utauingia saa tano na kutoka saa tisa. Hizo ndizo saa mbovu kuliko zote. Mchana msitu umenyamaza, mbega wamelala juu huko, na ikikaribia saa tisa mvua inashuka. Agosti magharibi bado kuna mvua, tofauti na Desemba hadi Februari ambapo hukauka kidogo. Mtatoka mmelowa na picha za matope, mkisema Kakamega hakuna kitu. Msitu huo ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo, na hapa Kenya hakuna kingine cha namna yake. Laleni hapo. Ile siku mliyoiokoa Nakuru itumieni hapo.

Chagueni upande mmoja. Kusini ni Isecheno, inayosimamiwa na Huduma ya Misitu. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya Huduma ya Wanyamapori. Kwa kundi lenu ningechagua Isecheno, kwa sababu ya waongozaji wa pale, vijana waliokulia kando ya msitu, wanaomtaja ndege kwa kumsikia kabla hujainua macho. Mwombeni mmoja awatoe saa kumi na moja alfajiri kwenda kilima cha Lirhanda. Mwanga unapoanza, ukungu unakuwa umelala juu ya miti na ngurumo za mbega zinasikika bonde hadi bonde. Wakati wa kurudi akuonyeshe yule ndege mkubwa wa buluu, mwenye kishungi cheusi na mdomo wa manjano na nyekundu, anayekimbia juu ya matawi badala ya kuruka. Na akupeleke kwenye mti wa jamii ya mkuyu uliouzunguka mwenzake hadi ukamuua. Yule wa ndani ameoza amekwisha, limebaki ganda la mizizi iliyosukana, na mtu anaweza kuingia ndani na kutazama juu. Huko, Mwalimu, hutahitaji chaki.

Mkiwa hapo ulizeni kama kuna mchezo wa fahali Khayega au Malinya. Huanza mapema sana, ngoma za Isukuti zikiwatangulia mafahali njiani. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Simameni mbali, na mkiona wenyeji wanakimbia msiulize kwa nini. Ilesi itakuwa njiani mkitoka Kisumu, mwiteni dereva awashushe, nusu saa inatosha. Barabara hiyohiyo inavuka Ikweta, na wewe utajua mmefika wapi bila kusoma kibao.

Nimebakisha Elgon, ambako swali lao la kejeli lina ukweli ndani yake. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222. Nakuru tuko kama mita 1,850, na mtakuwa mmetoka ziwani, chini ya mita 1,200. Kuna baridi, kuna tope la Agosti, na mteremko ndio unaoua magoti kuliko kupanda. Wewe usiende Koitobos. Na usiseme "nitajaribu nione", maana ukikwama katikati itabidi vijana wawili warudi nawe, na hapo kweli utakuwa umebebwa. Siku hiyo wewe na yeyote asiyetaka baridi mwende Saiwa, karibu na Kitale. Ni mojawapo ya mbuga ndogo kabisa nchini, ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu. Inatembelewa kwa miguu, kuna njia za mbao juu ya kinamasi na minara ya kutazamia. Fika alfajiri, keti juu ya mnara, nyamaza. Goti halitakuwa na la kusema.

Pango la Kitum ukitaka unaweza kulifikia. Tembo huingia usiku gizani kukwangua chumvi kwenye kuta, na alama za pembe zao zinaonekana. Ila mwende na askari wa mbuga, maana nyati na tembo wapo, na msizame ndani kulikojaa popo. Watu wawili, mmoja 1980 na mwingine 1987, waliugua virusi hatari vya Marburg baada ya kulitembelea pango hilo. Tazameni kwa mlangoni, msishike kuta wala kinyesi cha popo, na askari akisema mwisho ni hapa, ni hapa. Viingilio vya mbuga hulipwa kupitia eCitizen, getini hawapokei noti, na kila mtu abebe kitambulisho ili alipe kama Mkenya.

Hilo linatufikisha kwenye pesa. Uhazina kataa. Anakwambia watakuheshimu, lakini najua mchezo huu unavyokwisha: mfuko ukipungua Kitale, hakuna kijana atakayeulizwa. Watakutazama wewe, na wewe kwa haya utatoa kwenye pensheni. Pesa zishikwe na wawili, mmoja anatuma M-Pesa na mwingine anaandika, na kila jioni hesabu isomwe mbele ya wote. Jiko vilevile. Kupika kuwe kwa zamu, jina lako liwe kwenye orodha kama ya wengine, na zamu yako ikifika Rusinga wapikie ngege kiasi cha kuwatia aibu. Huyo aliyeandika habari za samaki mpange awe msaidizi wako wa kuparua magamba. Hili silisemi kwa uadilifu, nalisema kwa sababu lingenifurahisha.

Begi la lita 50 linakushawishi ulijaze. Usifanye hivyo. Wasafiri hushauriwa mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wa mtu, na kwa goti lako iwe pungufu ya hapo, kilo saba au nane. Hema abebe kijana, wewe beba sanduku la dawa, sukari na majani ya chai, vitu ambavyo vitawafanya wakutafute. Chukua fimbo mbili za kutembelea. Goti lionwe na daktari sasa, si wiki ya safari. Na hivyo viatu vitoe hapo mlangoni: vaa uende navyo sokoni, uende navyo kanisani ikibidi, kwa sababu viatu vipya kwenye njia ya Lirhanda vitakupa malengelenge kabla ya jua kuchomoza. Boda yenye begi mgongoni usipande. Begi linakuvuta nyuma, na dereva hajali.

Kijana wenu akikataa mabadiliko haya yote, mwombe nusu uliyolipa bila kelele, kisha chukua matatu hadi Kakamega peke yako, ulale Isecheno, utembee na mwongozaji mmoja. Matatu hazichagui umri. Lakini jaribu kikao kwanza. Nadhani kupunguziwa vituo kutawapendeza na wengine ambao hawakuwa na ujasiri wa kusema.

Mwanao wa Nairobi mtumie ratiba mpya yenye majina ya mahali mtakapolala na namba ya kijana wenu. Usimwombe ruhusa. Mwambie pia kwamba Desemba bado unamsubiri, na hoteli umekubali.

Jambo moja zaidi, na hili walisikie wote. Sisi wa Nakuru tumekulia mahali ambako malaria ni nadra, miili yetu haiijui kama ya watu wa Kisumu, Siaya na Rusinga walioizoea. Vijana wako watasema "sisi si wazungu" na kulala nje ya neti. Pitieni kliniki kabla ya safari mwulize kuhusu dawa za kinga, bebeni neti na mafuta ya kufukuza mbu, na jioni vaeni mikono mirefu. Na mkisharudi, homa ikimpata mmoja wenu hata baada ya wiki kadhaa, asimeze Panadol akalala: aende akapimwe siku hiyohiyo, na amwambie daktari kwamba alikuwa ziwani.